Vibonzo vya Nairobi, Kicheko cha Nkombo

Mwaka 2010 vibonzo vya kuchekesha vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa mchoraji Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, vilianza kuonyeshwa Uingereza kupitia CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, kisha vikauzwa kwa DVD. Wanyama ni wetu, ila soko lilikuwa la mbali.

Hapa Rwanda filamu huuzika kwa agasobanuye: msimulizi huitafsiri kwa Kinyarwanda huku ikiendelea, nayo hunakiliwa kwenye DVD au flashi. Sauti yake ndiyo tangazo lenyewe. Basi anayetaka vibonzo hivyo vifike Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu, amtafute msimulizi kwanza, tena anayejua Kimashi. Mtoto wa Nkombo hutaniwa nyumbani kwa lugha hiyo.