KUIKINGA DISKI YA KOMPYUTA NA JOTO: FUNZO KUTOKA BONGA

Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi




Wahenga walisema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Katika ofisi nyingi hivi leo daftari hilo limo ndani ya diski ngumu ya kompyuta ya mezani. Humo yamehifadhiwa majina ya wanaolipwa pensheni, mipaka ya viwanja, vizazi na vifo, pamoja na hesabu za mapato. Diski inapoharibika, hasara kubwa si bei ya chombo, kwani chombo hununuliwa dukani. Hasara ni ya mstaafu anayefika dirishani kufuatilia kiinua mgongo chake, naye akaambiwa kwamba kumbukumbu zake hazionekani.

Miongoni mwa maadui wa diski ni joto. Wengi hudhani kuwa joto hilo ni lile la hali ya hewa, na kwa hivyo ni tatizo la Unguja, Pemba na mwambao peke yake. Mfano wa Bonga unaonesha kuwa sivyo.

Bonga ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Babati, Mkoa wa Manyara, kwenye barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Nchi hiyo imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake humfanya mtu avae sweta. Hata hivyo, kompyuta ya huko inaweza kupata moto sawa na ya Forodhani. Sababu yake ni vumbi. Kabla ya kipande cha barabara cha Mela hadi Bonga, chenye urefu wa kilomita 88.8, kutiwa lami, na barabara ya Dodoma hadi Babati kuzinduliwa rasmi mwaka 2018, magari yalipita yakiacha mawingu ya vumbi nyuma yao. Lami imepunguza vumbi la barabara kuu, lakini njia za udongo na mashamba makavu bado hulitoa wakati wa kiangazi. Feni ya kompyuta hulivuta vumbi hilo pamoja na hewa. Likishaziba matundu na kuganda kwenye mapanga ya feni, hewa haipiti tena, na joto linalozalishwa na mashine yenyewe hubakia ndani.

Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hizo huelea kichwa cha kusomea, kwa nafasi iliyo nyembamba mno kuliko unywele. Mota na saketi zake hutoa joto muda wote wa kazi. Joto likizidi, vyuma hutanuka, kilainishi cha mhimili huchakaa na saketi hudhoofika.

Watengenezaji wengi wa diski za mezani huweka kikomo cha nyuzi 60 za Sentigredi, lakini ni busara diski isivuke nyuzi 45. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba joto la kiasi halikuleta madhara makubwa kama ilivyodhaniwa. Madhara ya joto kali yalionekana zaidi kwa diski zilizofikia umri wa miaka mitatu na kuendelea. Hivyo basi, diski kongwe, ambazo ndizo zilizojaa maofisini, ndizo zinazostahili uangalizi mkubwa zaidi.

Visiwani, joto la kaskazi huungana na unyevu na chumvi ya bahari, na ofisi nyingi zimeegemea kiyoyozi. Lakini mwezi Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na ikaukosa tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Chumba ambacho kompyuta zake zinaendeshwa kwa jenereta, kiyoyozi kimezimwa na madirisha yamefungwa, hugeuka tanuri. Kiyoyozi ni msaada. Mapito ya hewa ndiyo msingi.

Kwa mantiki hiyo, watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

1. Kompyuta isiwekwe sakafuni, wala ndani ya kabati lililofungwa, wala mahali panapopigwa na jua. Nyuma yake iachwe nafasi isiyopungua shubiri moja.

2. Kitambaa cha kufunikia kiondolewe kabla ya kuwasha mashine, na kisirudishwe mpaka izimwe na kupoa.

3. Chumba kipigwe deki kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa kwa ufagio mkavu.

4. Kila baada ya miezi michache, na mara kwa mara zaidi wakati wa vumbi, fundi azime mashine, achomoe waya wa umeme, afungue kasha na kuondoa vumbi kwa brashi laini na kipulizio, huku akizuia feni isizunguke. Maji yasitumike.

5. Penye diski mbili, zisibananishwe. Iachwe nafasi ya hewa kati yake.

6. Diski ikianza kugonga-gonga au kufungua majalada kwa taabu, kazi ya kwanza ni kunakili kumbukumbu, ndipo aitwe fundi.

Kompyuta nyingi za sasa zina diski zisizokuwa na sahani ya kuzunguka. Hizo nazo hupata joto, na likizidi hupunguza kasi ya kazi. Aidha, hakuna diski isiyokufa. Nakala ya kumbukumbu iwekwe kwenye chombo kingine, na nyingine ihifadhiwe katika jengo tofauti.

Brashi na kitambaa ni vitu vya bei ndogo, na kazi yenyewe haizidi nusu saa. Jina la mwananchi lililopotea huweza kumgharimu miaka ya kwenda na kurudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.