Maneno kwa Vijana Wetu Waendao Masomoni Ughaibuni

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu, jioni ya pili ya maadhimisho



Halmashauri imetuagiza tuseme na vijana watakaoondoka mwaka huu kwenda kusomea shahada za juu ng'ambo. Agizo hili lilitushangaza. Elimu yetu sisi iliishia kidato cha nne, na umri wetu umepita baina ya mizani na magunia ya mahindi. Tulipouliza kwa nini hakutafutwa daktari au mhandisi, tulijibiwa kwamba hao walisoma katika miji mikubwa kama London na Toronto, ambako Mgujarati humkosi hata kituoni mwa basi; sisi ndio tuliompeleka kijana wetu katika mji mdogo. Ni kweli. Na kwa kuwa tulikosea mengi, tunayo ya kusema.

Mji wenyewe ni Ames, katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Wakazi wake hawafiki 70,000, na sehemu kubwa yao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Ukitoka nje ya mji ni mashamba ya mahindi na soya mpaka macho yachoke. Kijana wetu alikwenda kusomea uhandisi wa kilimo, hasa uhifadhi wa nafaka, na tulipoona picha za maghala ya chuma ya huko tulisema moyoni kwamba mtoto wa muuza mahindi amefika kwao. Chuo hicho ndicho alichosoma George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, kisha akasifika kwa utafiti wake wa karanga. Sisi tuliokamua mafuta ya karanga miaka mingi hatukuwahi kulisikia jina lake mpaka mtoto alipotuletea habari.

Kosa letu la kwanza lilikuwa mizigo. Ndege iliruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na mama yake akayajaza tepla, zile chapati za uwatu, na achari, na juu yake mashine ya kusagia chatini. Umeme wetu ni volti 230, wa Marekani ni 120. Mashine ile ilizunguka kama ngamia wa kinu aliyechoka. Nafasi ya viatu vya baridi ilikuwa imeliwa na chuma kisicho na kazi.

La pili lilikuwa fedha. Tulilipa ada ya SEVIS, dola 350, tukalipa viza, tukalipa nauli. Chuo kilimpa kazi ya usaidizi wa utafiti yenye posho ya kila mwezi. Tukapiga hesabu ya kiduka: posho ipo, basi mkononi apewe kidogo. Hatukujua kwamba posho hulipwa mwezi ukiisha kufanyiwa kazi. Kwamba mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana kabla ya kutoa ufunguo. Kwamba chumba alichokipata kilikuwa kitupu, hakina hata godoro. Wala hangeweza kutafuta kibarua mjini, kwani viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi za chuoni tu, na wakati wa muhula zisizidi saa 20 kwa juma. Tangu katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba kijana alilala sakafuni juu ya blanketi, akala mkate na maziwa.

Nasi hatukuwa na habari. Kila Jumapili saa tatu usiku, ambayo kule ni saa saba mchana, tulimpigia simu, naye akajibu: "Salama, baba. Salama, mama. Nimekula."

Kosa la tatu halikuwa la masanduku wala la fedha. Siku ya kuondoka, pale langoni, mahali mlipovulia viatu jioni hii, tulimwambia mambo mawili: usimwombe mtu, na usituletee aibu. Tulidhani tunampa wosia, kumbe tunamfunga mdomo.

Haya ya namna hii haikuanza kwake. Mohandas Gandhi alipofika London mwaka 1888, naye amejifunga kwa nadhiri kutokula nyama, aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu vya mkate, akashinda na njaa mpaka alipogundua mkahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Ameyaandika mwenyewe. Kila tarehe 2 Oktoba tunavika picha yake shada la maua katika ukumbi huu, lakini ukurasa huo hatuusomi.

Baridi ikaingia. Mwezi wa Januari huko hupata nyuzi 20 chini ya sifuri, naye ana raba za kuchezea kriketi. Mabasi ya mji, yaitwayo CyRide, humbeba mwanafunzi kwa kuonyesha kitambulisho, kwa hiyo darasani alifika. Hekalu la Wahindu lipo, katika mji mdogo wa Madrid, mwendo wa gari usiofika saa moja, lakini basi la mji haliendi huko, na kuomba lifti nako ni kuomba. Sikukuu ya Diwali aliwasha mshumaa mmoja dirishani, akauzima mapema kwa kuogopa king'ora cha moshi.

Karibu na chumba chake palikuwa na kanisa, na chini ya kanisa hilo chumba cha makoti, sufuria na magodoro yaliyokwisha kutumika, ambayo wanafunzi wageni huchukua bila malipo. Alipita mbele ya mlango ule miezi mitano. Alihofu kwamba atatakiwa abadili dini, na alihofu zaidi kwamba sisi tutajua. Aliyemwingiza ni mwanafunzi mwenzake, Mkenya wa Eldoret, aliyemkuta kituoni mwa basi anatetemeka, akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe, utakufa kwa heshima. Twende." Mama aliyekuwa mezani alimuuliza jambo moja tu, kipimo cha koti. Alipokwisha kulivaa, akaulizwa la pili: je, Jumamosi ataweza kuja kusaidia kubeba meza? Akaenda Jumamosi ile, na Jumamosi zilizofuata. Mwezi wa Machi aliwapikia watu arobaini wali wa choroko kwa samli, na mzee mmoja, baada ya sahani mbili, akauliza kwa upole nyama italetwa saa ngapi.

Alitueleza yote haya mwezi wa Aprili. Hatutawaficha: tulikasirika. Mtoto wa nyumba yetu avae koti la sadaka, tena la kanisani! Tulipaza sauti simuni hata mama yetu mzazi, aliyekuwa akibembea barazani, akatuita. Alitaka tumkumbushe baba mkwe wake alilala wapi usiku wa kwanza aliposhuka Pangani.

Tulikuwa tunajua. Babu yetu alitoka kijiji cha jirani na Porbandar, kwa jahazi, enzi ya Mjerumani, akiwa na miaka kumi na sita na barua ya ndugu ambaye alikuwa amekwisha kuhamia bara. Siku tatu alilala barazani kwa mvuvi mmoja Mwislamu. Mke wa mvuvi alipoona mgeni hagusi samaki, alinunua chungu kipya, akampikia kunde humo, na hakuruhusu mtu mwingine kukitumia. Babu alipoondoka alipewa chungu kile. Tulikiona kwa macho yetu tulipokuwa wadogo, kimewekwa karibu na miungu ya nyumbani, na kila mwaka tulisimuliwa habari zake. Basi tuliokulia mbele ya chungu kile ndio tuliomwambia mtoto asimwombe mtu. Mama alipotuuliza, hatukuwa na jibu. Tulimpigia kijana simu tena usiku ule ule, tukamwomba radhi, jambo ambalo katika nyumba yetu baba hakuwahi kumfanyia mwana.

Sasa mnaoondoka Agosti, sikilizeni ya kibiashara, maana hayo tunayamudu. Chukueni fedha za kutosha miezi miwili. Viza huruhusu kuingia hadi siku 30 kabla ya masomo kuanza, zitumieni. Siku ya kukabidhiwa chumba pigeni picha kuta, jiko na zulia, kwani kijana wetu alikatwa amana kwa doa alilolikuta. Achari chukueni, mashine acheni.

Nanyi wazazi, simu ya Jumapili msiulize "Umekula?" Ulizeni amekula nini, na nani.

Kijana wetu amehitimu na amerudi. Ndiye huyo anayepanga viatu vyenu mlangoni. Baada ya prasadi atakaa chini ya mwarobaini, na yeyote mwenye swali amwendee, la viza, la chumba, au lile asilotaka baba yake alisikie. Ana makoti matatu, na wanaoondoka, kwa orodha ya Halmashauri, ni watano. Wahini.