Mali Bila Daftari

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Asubuhi tulijadili paa la bweni, ambalo bado linavuja ingawa tuliambiwa serikali ilileta fedha za kulikarabati. Ndugu mmoja alisema kazi ya chama chetu ni kuchanga tu, na kwamba kuulizia fedha za serikali ni kuingia katika siasa. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nitatoa mfano wa mbali kidogo.

Katika jimbo la Rajasthan, nchini India, mwaka 1990 wakulima na vibarua waliunda chama kiitwacho Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Mmoja wa waasisi wake, Bibi Aruna Roy, alikuwa ameacha kazi serikalini mwaka 1975. Vibarua wale walifanya kazi katika miradi ya serikali, wakapunjwa ujira. Walipolalamika waliambiwa kuwa kwa mujibu wa madaftari hawakutimiza kazi. Walipoomba kuyaona madaftari, wakajibiwa kuwa ni siri ya serikali.

Chama kikang'amua kwamba lalamiko lisilo na karatasi halifiki mbali. Kuanzia Desemba 1994 kikaitisha mikutano ya hadhara vijijini. Hati chache zilizopatikana zikasomwa kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya wenye majina. Yakasikika majina ya marehemu waliodaiwa kulipwa ujira. Hapakuhitajika mwanasheria, kila mtu alisimama akaeleza kama alilipwa au hakulipwa.

Mwaka 1996 wakaketi siku 40 katika mji wa Beawar, wakidai haki ya kupata nakala. Wito wao ulikuwa: fedha zetu, hesabu zetu. Rajasthan ikapitisha sheria mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005.

Ndugu zangu, bila nakala, chama kile kingebaki kulalamika. Na bila chama, nakala zingelala kabatini, maana kibarua aendaye ofisini peke yake huambiwa arudi kesho. Uwazi wa serikali na chama kinachouliza ni jembe na mpini wake.

Sisi nasi tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 30. Lakini sheria haiandiki barua yenyewe. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, Katibu aiandikie halmashauri, aombe hati zinazojulikana: mkataba wa ukarabati wa bweni na hati za malipo yake. Aombaye kila kitu hujibiwa maneno matupu.

Pili, jibu lisomwe hapa hapa, mbele ya walimu, wazazi na mafundi. Fundi anajua alipigilia mabati mangapi.

Tatu, kabla barua haijaondoka, mapato na matumizi ya chama chetu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Hatuwezi kudai daftari la mwenzetu huku letu tumelikalia.

Ndugu Mwenyekiti, hatumshtaki mtu. Huenda hesabu zikaonyesha kwamba kila shilingi ilifanya kazi yake na fedha hazikutosha tu. Ikiwa hivyo, tutachanga kwa moyo mweupe, tukijua pengo ni la kiasi gani. Ikiwa sivyo, tutajua pa kuuliza. Masika hayako mbali, na vijana wanaolala chini ya paa lile wanastahili jibu kabla ya mvua.