Kitambi si Baraka: Maneno Machache kwa Waumini na Majirani



Katika sikukuu hii ya hekalu letu tumeombwa kunena machache. Sisi ni wauza vitambaa, si matabibu. Tunanena yale tuliyofunzwa na maradhi yaliyoingia nyumbani mwetu.

Ndugu yetu mdogo alishikwa na maumivu makali ya tumbo la juu, yakapenya hadi mgongoni, akatapika usiku kucha. Tulidhani ni gesi, tukangoja kukuche. Kumbe kijiwe cha nyongo kilikuwa kimeziba njia, na kongosho lake limeanza kujisaga lenyewe.

Wengi wapatwao na maradhi haya hupona baada ya siku chache. Lakini mwenye unene wa kupindukia yumo katika hatari kubwa zaidi, na sababu yake daktari alitueleza. Vimeng'enya vya kongosho, ambavyo kazi yake ni kusaga mafuta ya chakula, huvuja na kuyashambulia mafuta yaliyolimbikizwa tumboni. Hapo hutoka asidi zinazodhuru mapafu na figo. Viungo hivyo vikishindwa kazi kwa zaidi ya saa 48, maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Ndugu yetu alipumua kwa mashine siku 11. Yeye alirudi; wengine hawarudi.

Wazee wetu walikiona kitambi kuwa dalili ya duka linalokwenda vizuri. Sisi wenye asili ya Bara Hindi hulimbikiza mafuta tumboni hata tukionekana si wanene. Basi twaeni futi ya fundi cherehani: kiuno cha mwanamume kikifika sentimita 90, au cha mwanamke 80, hiyo ni ilani.

Wala tusifunge kupita kiasi ili tukonde upesi, maana kukonda kwa ghafla nako huzaa vijiwe vya nyongo. Tupunguze samli na sukari, tutembee kila siku, na mwili upungue polepole.

Tunaomba mambo mawili. Prasad yetu iwe kipande kidogo, kwani utakatifu wake haupimwi kwa samli. Na maumivu makali ya tumbo yasiyotulia yapelekwe hospitali usiku uleule. Saa tulizozipoteza tukingoja kukuche zingalitugharimu ndugu.

Mungu atujalie sote afya njema.