Mabinti Watano Mbele ya Musa

Masomo: Hesabu 27:1-11, Yoshua 17:3-4



Mwalimu mmoja, ndugu katika imani, aliniuliza: "Mchungaji, mtu aliyeokoka anaweza kuingia sendika? Si ni kunung'unika kama Waisraeli jangwani?"

Huku Bijombo swali hilo si la mchezo. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya msingi ni bure, na wazazi tulimshukuru Mungu. Lakini mwalimu ambaye serikali bado haijamwandika kwenye orodha ya mishahara alikuwa anaishi kwa mchango wa wazazi. Mchango umeondoka, mshahara haujafika. Asubuhi anafundisha, mchana analima shamba la mtu ili watoto wake wale.

Tufungue Hesabu 27. Selofehadi alikufa akaacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Hawakuwa na urithi. Hawakunung'unika hemani mwao, wala hawakwenda mmoja mmoja kwa siri. Walisimama pamoja mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano wote, wakasema haja yao wazi. Musa akaipeleka kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hawa wana haki. Tena hukumu ile ikawa sheria kwa Israeli yote. Hata binti ambaye hakusimama pale siku ile alifaidika.

Sendika ni hivyo. Mwalimu mmoja akidai, ni rahisi kumwambia: nenda, wengine wapo. Wakiwa pamoja wanatuma wajumbe, wanazungumza juu ya mshahara, matibabu na pensheni. Wakipata, mara nyingi hata asiyetoa mchango anapata. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 38, inampa kila Mkongomani uhuru wa kuingia sendika au kutoingia.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2004, kule Mbudi, Kinshasa, serikali na masendika walipatana kwamba mfanyakazi wa serikali wa ngazi ya chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi. Sahihi zilitiwa, miaka ikapita, mapatano hayakutimizwa yote. Basi someni Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa, na wale mabinti wanarudi tena kukumbusha neno la Bwana. Ndipo wakapewa.

Ndugu mwalimu, ingia ukitaka, lakini usiseme uongo, usile mchango wa wenzako, wala usimsahau mtoto anayekungoja darasani.

Na sisi viongozi wa makanisa, tulio na shule na zahanati, tusome Yakobo 5:4 kwa kutetemeka. Mshahara uliozuiliwa unalia, na Mungu anausikia. Tusitaje "kazi ya Bwana" ili tusimlipe mtu.

Musa hakuwafukuza wale watano. Kesho wafanyakazi wakija pamoja mlangoni petu, tuwape viti, tuwasikilize.