Mgeni Anapoyatilia Shaka Mageuzi: Funzo la Nigeria



Tumeombwa tuseme machache juu ya neno lililozuka katika mkutano uliopita. Mgeni mmoja, aliyefanya kazi Lagos wakati wa utawala wa kijeshi kabla ya kuhamia Nairobi, alisimama akatuambia kwa upole kwamba twajisumbua bure. Alisema aliyaona mageuzi yakiahidiwa na majenerali, akayaona yakifutwa. Kwamba wageni wenzake huko hawakuyaamini tangu mwanzo. Na kwamba Waafrika hawajawa tayari kwa siasa ya vyama vingi, maana kila mtu humpigia kura mtu wa kabila lake na wa dini yake. Baadhi yetu walimkasirikia. Sisi twaona heri kumjibu, kwa sababu katika maneno yake mna kweli na mna uongo, na vyote viwili vimefungwa katika furushi moja.

Tuanze na kweli. Jenerali Ibrahim Babangida alitwaa madaraka nchini Nigeria tarehe 27 Agosti 1985. Aliahidi kuwarudishia raia serikali yao mwaka 1990. Ahadi hiyo ikasogezwa hadi 1992, kisha Januari 1993, kisha Agosti 1993. Mwaka 1989 vyama vilivyoomba kuandikishwa vilikataliwa vyote, na serikali ikaunda vyake viwili, SDP na NRC, ikavipa fedha na kuvijengea ofisi. Mwaka 1990 wananchi walipangwa foleni hadharani kuchagua madiwani, jambo ambalo sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa, maana tuliuonja mlolongo mwaka 1988. Mwaka 1992 kura za mchujo za kuwateua wagombea urais zilifutwa, na watu 23 waliokuwa wakiutafuta wadhifa huo wakapigwa marufuku.

Mtu aliyeishi Lagos miaka hiyo akasema haamini, tumlaumu kwa lipi? Sheria yenyewe ilimpa sababu. Chini ya jeshi, amri ya mtawala ilikuwa juu ya Katiba, na mara nyingi amri hiyo hiyo iliwakataza majaji kuihoji. Mageuzi yaliyoandikwa kwa amri yaliweza kufutwa kwa amri. Mpangaji hajengi nyumba ya mawe katika kiwanja ambacho mwenyewe aweza kumfukuza kesho asubuhi.

Sasa tuje kwenye uongo. Tarehe 12 Juni 1993 wananchi wa Nigeria walipiga kura. Siku mbili kabla, usiku, mahakama moja ya Abuja ilikuwa imetoa amri ya kuusimamisha uchaguzi, lakini tume iliendelea, ikisema kwamba sheria iliyouanzisha uchaguzi huo haikuipa mahakama mamlaka ya kuuzuia. Wagombea walikuwa wawili: Moshood Abiola wa SDP, Mwislamu na Myoruba kutoka Abeokuta, na Bashir Tofa wa NRC, Mwislamu kutoka Kano. Mgombea mwenza wa Abiola, Babagana Kingibe, naye alikuwa Mwislamu. Kwa hesabu ya yule aliyetuambia kwamba Waafrika hupigia kura kabila na dini, Abiola angeshindwa kaskazini kwa sababu ya kabila lake, na angeshindwa miongoni mwa Wakristo kwa sababu ya dini yake na ya mwenzake.

Haikuwa hivyo. Abiola alipata kura zipatazo milioni 8.3, na Tofa zipatazo milioni 5.9. Abiola alishinda Kano, nyumbani kwa mpinzani wake. Alishinda Plateau na Ondo, majimbo yenye Wakristo wengi. Siku ya kupiga kura ilipita kwa amani. Mtihani ambao wananchi waliambiwa hawauwezi waliufanya, wakaufaulu.

Nani basi aliyeanguka? Tarehe 23 Juni 1993 matokeo yalifutwa kwa tangazo lisilokuwa hata na sahihi. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kuiokoa heshima ya mahakama, kana kwamba fujo ile ya amri za mahakama ilikuwa imeletwa na wapiga kura. Babangida aliondoka tarehe 26 Agosti akiacha serikali ya muda. Tarehe 10 Novemba Mahakama Kuu ya Lagos ikaamua kwamba serikali hiyo haikuwa halali, na wiki moja baadaye Jenerali Sani Abacha akatwaa madaraka.

Ndugu zetu, shaka ni za aina mbili. Iko shaka juu ya mtawala, na iko shaka juu ya wananchi. Wageni wale walikuwa na haki kuhusu ya kwanza. Kosa la mgeni wetu ni kuchukua hatia ya jenerali na kumbebesha mwananchi aliyesimama kituoni tangu asubuhi. Hukumu hiyo haifuati ushahidi uliotolewa.

Kwa nini huchanganywa hivyo? Twadhani ni kwa sababu ya mahali mgeni anapokaa. Kibali chake cha kazi hutoka serikalini, na biashara yake hutaka utulivu. Mambo yakiharibika, ana tiketi ya kurudi kwao. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Abiola alikamatwa mwaka 1994 baada ya kujitangaza rais, akafa kizuizini tarehe 7 Julai 1998. Mkewe, Kudirat, alipigwa risasi Lagos mwaka 1996. Wafanyakazi wa mafuta waligoma kwa wiki kadhaa mwaka 1994, na viongozi wao wakatiwa ndani. Hao hawakuwa na tiketi.

Lakini tusiwahukumu wageni wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Nigeria Machi 1998, vyama vitano vilivyoruhusiwa na Abacha vikiwa katika mbio za kumteua yeye mwenyewe kuwa mgombea, hakuwaambia Wanigeria kwamba hawako tayari. Aliomba wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Shaka yake aliielekeza palipostahili.

Serikali ya kiraia ilirudi tarehe 29 Mei 1999. Mwaka 2018 tarehe 12 Juni ilitangazwa kuwa Siku ya Demokrasia ya nchi hiyo, na mwaka 2025 Babangida mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba Abiola ndiye aliyeshinda. Hata hivyo tusishangilie kupita kiasi. Katiba ya 1999 ilitolewa na jeshi kwa amri, bila kura ya maoni, na Wanigeria wengi wanailalamikia hadi leo.

Sisi nasi twajua habari hiyo. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, tukaimba. Lakini sheria ya kuomba leseni ya mikutano ilibaki, na tume ya uchaguzi ilibaki mkononi mwa Rais. Ilitubidi kungoja hadi kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ndipo wananchi waliposhika kalamu wenyewe. Makanisa mengi yaliipinga Katiba ile, na yaliipinga hadharani bila mtu kufungwa.

Kwa hiyo, tunapoulizwa kama mageuzi fulani ni ya kweli, tuulize maswali matatu. Nani ameshika kalamu? Je, mahakama yaweza kumzuia? Tarehe iliyoahidiwa ikipita, nani atawajibishwa? Nchini Mali wanajeshi waliotwaa madaraka mwaka 2020 waliahidi uchaguzi Februari 2022, kisha Februari 2024, na Mei 2025 wakavunja vyama vyote vya siasa. Kwa maswali haya matatu, ahadi yao ilikuwa imeanguka mapema. Watu wa Mali hawajaanguka, maana hawajapewa mtihani.

Mgeni wetu tumemwalika tena, naye amekubali kuja. Tumpokee kwa heshima. Tumshukuru kwa kutukumbusha tusiamini ahadi za wakubwa, kisha tumweleze yaliyotokea Kano tarehe 12 Juni 1993.