Kuisafisha Sini: Mhadhara juu ya Osileta za Sintesaiza za Analogia



Mwaka 1953, katika studio ya redio ya Cologne, Karlheinz Stockhausen alitunga Studie I kwa mawimbi ya sini peke yake. Sauti hizo hazikutoka kwenye ala ya muziki. Zilitoka kwenye jenereta ya kupimia mitambo, zikarekodiwa kwenye utepe na kupandanishwa moja juu ya nyingine. Muongo uliofuata, Robert Moog na Don Buchla, kila mmoja upande wake wa Marekani, walianza kuunda moduli ambazo volti ndiyo inayoiamuru sauti ipande au ishuke. Mwanamuziki akapata uhuru ambao studio ya Cologne haikuwa nao, lakini sini safi, iliyokuwa kitu cha kawaida kule, ikawa ngumu kupatikana. Jioni hii nataka kueleza ugumu huo unaanzia wapi na unaondolewaje.

Osileta nyingi za moduli hazizalishi sini hata kidogo. Ndani yake mkondo wa umeme hujaza kapasita, volti ikapanda kwa mstari ulionyooka. Ikifika kikomo, ama mkondo hugeuzwa na volti kushuka kwa mwendo uleule, ama kapasita humwagwa ghafla. Njia ya kwanza hutoa pembetatu, ya pili hutoa msumeno. Mafundi wanaupenda mpango huu, na wana haki: ukizidisha mkondo mara mbili, sauti hupanda oktava moja, na utii huo hudumu kwa oktava nyingi. Saketi ya daraja la Wien, ambayo William Hewlett aliitumia Stanford mwaka 1939 akiwa na balbu ndogo ya kudhibiti kimo cha wimbi, hutoa sini nzuri sana. Lakini masafa yake hubadilishwa kwa vipande viwili vinavyopaswa kwenda sambamba, na balbu inahitaji muda wa kutulia kila kimo kinapoyumba. Mpiga kinanda hawezi kuisubiri.

Basi tunaanza na pembetatu, na huo ni mwanzo mzuri kuliko unavyoonekana. Pembetatu iliyo sawa pande zote haina harmoniki shufwa, yaani sauti za juu zenye masafa mara mbili, nne au sita ya noti ya msingi. Harmoniki yake ya tatu ina kimo cha 1/9 ya noti ya msingi, ya tano 1/25, ya saba 1/49. Karibu kazi yote ni kuishusha ile ya tatu. Njia ninayoipendelea ni jozi ya transista mbili zinazogawana mkondo mmoja: volti ikiwa ndogo, jozi hupitisha wimbi lilivyo, volti ikizidi makumi machache ya milivolti, transista moja huuchukua mkondo karibu wote na mgongo wa wimbi huanza kuinama. Mwaka 1976 Robert Meyer na wenzake walionyesha kwamba rizista ndogo zikiwekwa kwenye emita za jozi hiyo, uchafu wote unaweza kushuka hadi asilimia 0.2.

Kinachobaki ni ncha. Mgongo umeinama, lakini pale juu kabisa ile kona ya pembetatu bado ipo, tena mahali ambapo sini ilipaswa kuwa tambarare kuliko kwingine kote. Osileta ya msumeno huzidisha tatizo. Msumeno ukikunjwa katikati uwe pembetatu, ule muda mfupi wa kuimwaga kapasita huacha mwiba juu ya ncha. Tuseme umwagaji unachukua sehemu moja ya milioni ya sekunde: kwenye noti ya 100 Hz huo si kitu, kwenye 10,000 Hz ni asilimia 1 ya mzunguko mzima. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba anayetafuta sini achague osileta inayozaliwa pembetatu. Hata hiyo ina kasoro yake: saketi ya kugeuza mkondo huchelewa kidogo, hivyo noti zinapopanda pembetatu huvuka kikomo na kurefuka, na jozi ikasukumwa kupita kiasi.

Kuna wanaoiacha pembetatu kabisa. Huunganisha vikusanyishi viwili, yaani saketi zinazojumlisha volti kadiri muda unavyopita, vinavyofukuzana kwa duara, na umeme hubembea kati yake kama mtoto kwenye bembea, bila kona. Ila bembea hiyo lazima izuiwe isikue bila mwisho, na kizuizi chenyewe huchafua. Dawa ni kuchukua sauti baada ya vikusanyishi vyote viwili, kwa kuwa kila kimoja huipunguza harmoniki ya tatu mara 3 ikilinganishwa na noti ya msingi.

Kwa nini tujisumbue? Chukua sini mbili, 300 Hz na 200 Hz, uziingize kwenye moduli ya kuzidisha. Zikiwa safi, zinatoka 500 na 100, basi. Ile ya 300 ikiwa na harmoniki ya tatu, yaani 900, zinaongezeka 1,100 na 700. Katika mbinu ya FM, yaani kuyumbisha masafa ya wimbi moja kwa wimbi jingine, aliyoichapisha John Chowning mwaka 1973, kila harmoniki ya wimbi linalobeba huzaa ukoo wake wa sauti za pembeni, na ya tatu huyumbishwa kwa upana mara tatu. Mtunzi aliyepanga sauti mbili anasikia sauti ya tatu na ya nne, wala hajui zimetoka wapi.

Sasa nawageukia wanafunzi wangu wa warsha. Moduli yenye ile jozi ya transista ina skrubu mbili. Ya ulinganifu huondoa harmoniki ya pili; ya kimo huondoa ya tatu. Msiliamini jicho kwenye osiloskopu, kwani uchafu wa asilimia 1 hauonekani pale. Tumieni kichanganuzi cha spektra. Moduli ipate moto kwanza. Volti inayoipinda ile jozi hufuata jotoridi, kiasi kwamba kutoka nyuzi 20 hadi 32 hubadilika kwa asilimia 4 hivi. Pimeni kwenye 100, 1,000 na 5,000 Hz, mkichagua mkao wa kati wa skrubu unaozifaa noti zote tatu. Mwisho wekeni chujio la hatua nne linalofuata volti ileile ya noti. Kikomo cha masafa cha kila hatua kikiwa sawa na noti, harmoniki ya tatu hupungua mara 25 zaidi ya noti yenyewe: asilimia 1 inakuwa 0.04. Lakini lilisheni wimbi dogo, maana chujio nalo lina transista zake, na zikisukumwa sana zitairudisha ileile harmoniki ya tatu.